Neno Wasiwasi: Asili Yake na Habari Zake Unguja



Katika maneno yanayopita midomoni mwetu kila siku ni machache yaliyozoeleka kama neno wasiwasi. Mama husema ana wasiwasi kwa ajili ya mwanawe aliyekwenda mjini na hajarudi. Mkulima ana wasiwasi na mvua za masika zilizokawia. Mtu akimkopesha jirani yake fedha huambiwa, "Usiwe na wasiwasi, nitakulipa," na pengine hapo ndipo wasiwasi unapomwanza. Neno hili twalitumia kama tutumiavyo jembe, bila kuuliza nani aliyelifua wala chuma chake kilitoka wapi.

Lakini neno hili lina asili yake, na tena lina habari zake katika kisiwa cha Unguja, na habari hizo si za kuchekesha tu. Unguja imepata kuona wasiwasi usio na msingi ukimwua mtu asiye na hatia. Na imepata kuona wasiwasi wenye msingi ukidharauliwa, wakubwa wakidhani ni ujinga wa watu wadogo, kumbe watu wadogo waliona vyema. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa tulitazame neno hili kwanza kwa maana yake, na kisha kwa mambo yaliyotendeka.

Asili ya neno ni Kiarabu. Waarabu husema waswas, na kitenzi chao ni waswasa, maana yake kunong'ona, kusema kwa sauti ndogo sana isiyosikika ila karibu na sikio. Wataalamu wa lugha hiyo waeleza kwamba zamani neno lilitumika hata kwa mlio mdogo wa mapambo ya mwanamke anapotembea, vikuku vikigusana. Tazameni basi jinsi neno lenyewe lilivyoumbwa: wasi, wasi, sauti moja inayorudi mara ya pili. Ni kama mtu anayekuambia jambo sikioni, ukamfukuza, naye akarudi akakuambia lile lile.

Kutoka kwa mnong'ono wa mdomo, maana ilihamia kwa mnong'ono wa moyo. Katika sura ya mwisho ya Kurani neno hilo hutajwa kwa yule mshawishi anayenong'ona ndani ya vifua vya watu kisha hujificha. Kwa njia ya dini na elimu neno likaenea kila mahali Waarabu walipofika au vitabu vyao viliposomwa. Waturuki husema vesvese, watu wa Urdu husema vasvasa, na Wamalai wa mashariki ya mbali husema was-was. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki twasema wasiwasi. Neno limesafiri baharini kama tende na halua, likashuka katika kila bandari, na kila mji ukalipika kwa jinsi yake.

Nasi tulilipika namna gani? Kwanza tuliliongeza irabu, maana Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikutane vivi hivi. Pili tulilipa upatanisho wa U. Lina herufi za wa mwanzoni kama watu na watoto, lakini hatusemi "wasiwasi wameniingia". Twasema wasiwasi umeniingia, wasiwasi huu, wasiwasi mwingi, kama tusemavyo uchungu au ugonjwa. Tatu, kwa kawaida hatukulifanya kitenzi, bali tuliliacha liwe kitu kinachomjia mtu kutoka nje. Mtu huingiwa na wasiwasi, hushikwa na wasiwasi, hutiwa wasiwasi, kisha akipata habari njema huondolewa wasiwasi. Yaani katika lugha yetu wasiwasi ni mgeni asiyebisha hodi. Mwenye nyumba hakumwita. Amekuta tu amekwisha kuketi.

Sasa tulinganishe wasiwasi na ndugu zake, maana nimeona darasani kwamba watoto huyachanganya maneno haya, na watu wazima vile vile. Ndugu wa kwanza ni hofu. Hofu ina uso. Ukimwona nyoka mlangoni waogopa, nawe waweza kumwonyesha kwa kidole. Wasiwasi hauna uso. Ukiulizwa, "Una nini?" wajibu, "Sijui, lakini roho yangu haikutulia." Ndugu wa pili ni shaka. Shaka ni ya akili: wapima kama jambo ni kweli au si kweli, na huenda ukalala usingizi mwema hali una shaka. Wasiwasi hukunyima usingizi. Ndugu wa tatu ni fadhaa, ambayo ni mshtuko wa ghafula unaomfanya mtu asijue la kufanya. Fadhaa hupita upesi, lakini wasiwasi hukaa. Wa nne ni dukuduku, neno linalotaka kutoka moyoni na halijapata njia. Mwenye dukuduku ajua la kusema. Mwenye wasiwasi hajui bado. Na wazee wanalo neno zuri, jakamoyo, ambalo husema habari za moyo unaopiga ndani ya kifua kwa kungoja jambo.

Mfano wake ni huu. Mke wa mvuvi wa Nungwi ameambiwa kwamba mumewe atarudi kutoka dago siku ya Alhamisi. Alhamisi imepita, na Ijumaa imepita. Asubuhi auliza kama kweli alisema Alhamisi. Hiyo ni shaka. Jioni atazama baharini, hasemi na mtu, chakula hakipiti. Huo ni wasiwasi. Usiku upepo wa kusi wavuma kwa nguvu na mawimbi yapiga mwamba. Hapo aogopa, hiyo ni hofu. Alfajiri asikia kelele pwani, akimbia bila kujifunga kanga sawasawa. Hiyo ni fadhaa. Mwanamke ni mmoja, na bahari ni moja, lakini maneno ni manne, na kila moja lina saa yake.

Tena yafaa kuangalia viunganishi. Nikisema, "Nina wasiwasi kwa ajili ya Juma," maana yake nachelea asipatwe na baya. Lakini nikisema, "Nina wasiwasi na Juma," huenda maana yake simwamini. Katika neno moja dogo twaweza kumwonyesha mtu mapenzi au kumvunjia heshima. Mwenye kuandika barua na aangalie.

Iko maana nyingine ya wasiwasi, ambayo majirani zetu Waislamu wa Unguja waijua vizuri, nayo yatupasa kuieleza kwa heshima. Mtu huenda kutawadha kwa ajili ya sala. Aosha mkono, kisha moyo wamwambia, "Hukuosha vema." Aosha tena. Moyo wamwambia vile vile. Maji yakwisha, sala yampita, naye angali kisimani. Mtu huyo huambiwa ana wasiwasi, na walimu wao tangu zamani walikataza jambo hilo. Mwanachuoni Ibn Qudama wa Dameski, aliyekufa mwaka 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwaonya watu wa namna hiyo. Na katika sheria yao iko kanuni kwamba jambo la yakini haliondolewi kwa shaka. Ukijua kwamba umeosha, umeosha.

Wakristo nao hawakukosa ugonjwa huo. Martin Luther alipokuwa mtawa kijana huko Erfurt alikuwa akikaa muda mrefu sana katika kuungama, akichelea asije akasahau dhambi moja. Walatini waliliita jambo hilo kwa neno lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha, kwa kuwa ni kama kijiwe kilichoingia katika kiatu: ni kidogo, lakini humzuia mtu kwenda. Waarabu waliufananisha na mnong'ono, Walatini na kijiwe. Na wote wawili walisema kweli.

Hizo ndizo maana. Sasa twende kwenye habari za kisiwa.

Hapo Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka 1873 baina ya Seyyid Barghash na Waingereza, ambao balozi wao alikuwa John Kirk, biashara ya kupeleka watumwa kwa bahari ilikatazwa na masoko yakafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko. Tangu mwaka 1874 manowari iliyoitwa London ilikaa bandarini Unguja, na mashua zake zilikuwa zikiyavizia majahazi yaliyochukua watumwa kwa siri.

Basi, fikirini habari za mtoto aliyekuwa ndani ya jahazi la namna hiyo. Ametekwa bara, ametembezwa miezi mingi, ametiwa katika ngama ya jahazi pamoja na wengine, gizani. Mwenye jahazi akiona mashua ya Wazungu inakuja, awaambia watumwa, "Hao wanaokuja hula watu. Kaeni kimya." Uvumi huo ulienezwa sana katika siku zile, na watumwa wengi waliuamini, maana hawakuwa na wa kuuliza. Hata mashua ilipowafikia, mtoto alimwogopa yule aliyekuja kumfungua kuliko yule aliyemfunga.

Hapa ndipo tuonapo asili ya neno ikitenda kazi yake waziwazi. Wasiwasi wa mtoto yule ulikuwa mnong'ono kweli, uliotoka katika kinywa cha mtu mwenye faida yake. Na dawa yake haikuwa maneno. Hao waliomwokoa hawakujua lugha yake, naye hakujua yao. Hata wangesema, "Usiwe na wasiwasi," asingefahamu, na kama angefahamu asingesadiki. Dawa ilikuwa siku. Jana hawakunila, leo hawakunila, kesho wanipa uji. Aliyeogopa kuliwa alijikuta analishwa. Watoto wengi wa namna hiyo waliletwa kwa wamisionari, wavulana wakakaa Kiungani na wasichana Mbweni, na baadhi yao wakawa walimu na mapadre. Mwalimu mwema ayajua hayo hata leo: mtoto mgeni darasani hatulizwi kwa hotuba.

Habari ya pili ni ya mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula, na siku ile ile Khalid, mwana wa Barghash, aliingia katika jumba la kifalme akajitangaza kuwa Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Manowari zikakusanyika mbele ya mji hata zikawa tano. Tarehe 26 Khalid akapewa muda: kesho yake saa tatu asubuhi awe ametoka na kuishusha bendera yake, la sivyo atapigwa mizinga. Wanawake na watoto wa kigeni wakapandishwa melini.

Balozi wa Marekani aliyekuwako, jina lake Mohun, aliandika jinsi mji ulivyokuwa kimya usiku ule kupita desturi yake. Sisi tuujuao Mji Mkongwe twaweza kufahamu ajabu ya jambo hilo, maana ule ni mji wa sauti: nyumba zimesongamana, vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakipishana hugusana mabega, na baraza za mawe ziko kila mlango. Usiku ule hapakuwa na ngoma. Watu wa Malindi na Shangani na Ng'ambo walikuwa wakingoja, wala hapana aliyejua kama Khalid atatoka, au kama mizinga italia, au kama ikilia itapiga wapi. Huo ndio wasiwasi katika ukamilifu wake.

Asubuhi, saa tatu ilipopiga, mizinga ikalia. Haikuchukua hata saa moja. Wanaoandika habari hizo wataja dakika kama 38 au 45. Jumba lilibomoka, jahazi la vita la Sultani liitwalo Glasgow lilizama, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wadachi, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Basi, mwanafunzi akiniuliza tofauti ya wasiwasi na hofu, humjibu: wasiwasi ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 27, hofu ilifika saa tatu. Tena humwambia kwamba wasiwasi wa usiku ule haukuwa upumbavu. Mtu aliyewachukua watoto wake akawatoa karibu na Forodhani usiku ule, jirani zake labda walimcheka, lakini kulipokucha hawakucheka.

Habari ya tatu ndiyo ninayotaka tuitie sana maanani, maana haina mizinga wala moshi, na kwa hiyo husahauliwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Tangu siku ile mahakama haikuweza tena kumtambua mtu kuwa mali ya mwingine. Wengi huko ng'ambo walitazamia kwamba watumwa wote wa Unguja na Pemba wangekimbilia mahakamani siku ya pili kudai uhuru wao. Haikuwa hivyo. Walikwenda mmoja mmoja, polepole, na wengi hawakwenda kabisa. Wako wageni waliosema, "Tazama, wameridhika na utumwa," na wengine wakasema, "Ni wajinga, wanaogopa bure."

Lakini someni amri yenyewe ilivyokuwa. Mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe akaombe. Na akiisha kupewa uhuru, alipaswa kuonyesha kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Kama hana, aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji asiye na kwao. Tena aliweza kutozwa kodi au kutakiwa kazi ya serikali. Bwana wake alilipwa fidia. Yeye mwenyewe hakupewa shamba. Na masuria hawakuingizwa katika amri ile. Wao walingoja mpaka mwaka 1909.

Sasa jitieni mahali pa mtu mzima aliyekaa miaka 30 katika shamba la karafuu. Kibanda chake kimo katika ardhi ya bwana. Muhogo wake umo katika ardhi ya bwana. Kaburi la mama yake limo humo. Akienda mahakamani arudi huru, je, usiku atalala wapi? Mtu huyo aliingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa na akili kuliko majibu ya waliomcheka. Hakuupenda utumwa, aliuliza swali ambalo amri haikulijibu. Wangemwuliza, "Wasiwasi wako ni wa nini?" angewaonyesha kibanda chake, na labda amri ingaliandikwa vingine. Watu wetu wana msemo, wasiwasi ndiyo akili. Msemo huo wafaa kwa mtu huyu.

Habari ya nne ni ya siku za karibu, na wengi walioiona wangali hai. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1995, ulitokea uvumi kisiwani Pemba kwamba kuna shetani aitwaye popobawa, anayewajia watu usiku vitandani mwao na kuwadhulumu. Jina lake latokana na popo na bawa, kwa kuwa walisema kivuli chake ni kama bawa la popo. Uvumi ukavuka bahari ukafika Unguja, ukaingia vijijini na mjini. Watu wakaacha vyumba vyao. Jamaa nzima zililala nje barazani na uani, pamoja na majirani, wakiwasha mioto na kukesha wakizungumza, kwa maana ilisemwa kwamba haji penye watu wengi. Mchana watu walisinzia kazini. Wakati ule siasa nayo ilikuwa imechemka, kwa kuwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ulikuwa na uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza tangu siku za kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Na kila upande ulikuwa na mnong'ono wake juu ya nani aliyemleta yule shetani.

Mimi sikusudii kubishana hapa na mtu kuhusu alichokiona usiku. Aliyeshtuka usingizini akiwa hawezi kuinua mkono hakusema uongo. Hali hiyo ya mwili waganga wa hospitali waijua, nayo hupata watu wa nchi zote. Ninalotaka ni kueleza mwisho wake. Katika siku zile alikuwako mjini Unguja mgeni mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili, ambaye alikuja kutafuta matibabu. Hakuwa na jamaa wa kumsemea, na maneno yake hayakueleweka. Mtu mmoja akanong'ona, "Ndiye." Wa pili akasema kwa sauti, "Ndiye." Wakamshika, wakampiga hata akafa.

Tufikiri, ndugu zangu. Wale waliompiga hawakuwa majambazi. Walikuwa baba za watu, na vijana wa mtaani, waliochoka kwa kukosa usingizi. Kwa majuma mengi walikuwa na wasiwasi usio na uso. Siku hiyo wakaupa uso, na uso waliouchagua ulikuwa wa mtu asiyeweza kujitetea. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya wasiwasi wa watu wengi: mtu mmoja mwenye wasiwasi hujitaabisha mwenyewe, lakini mji wenye wasiwasi hutafuta wa kumtwisha. Na sikuzote humtwisha mgeni, au mjane mzee, au mgonjwa.

Mtaona basi kwamba habari hizi nne haziendi njia moja. Katika majahazi, wasiwasi ulitiwa na mwongo ili apate faida. Mwaka 1896 wasiwasi ulikuwa onyo la kweli. Mwaka 1897 ulikuwa swali la haki lililokosa wa kulijibu. Mwaka 1995 ulikuwa uvumi uliogeuka kuwa fimbo. Kwa hiyo yeye asemaye kwamba wasiwasi wote ni ujinga amekosea, na yeye asemaye kwamba wasiwasi wote ni akili amekosea pia. Neno lenyewe latufundisha la kufanya. Kama wasiwasi ni mnong'ono, basi jambo la kwanza ni kuuliza: ni nani anayenong'ona? Nimeambiwa na nani, naye aliona au alisikia? Ana faida gani mimi nikiogopa? Mnong'ono hauwezi kustahimili maswali hayo, maana nguvu yake yote ni kusemwa kwa sauti ndogo. Lakini swali la haki hustahimili; ukiliuliza kwa sauti kubwa barazani mchana, laongezeka nguvu.

Nataka kuongeza neno moja kwa ajili ya wenye wagonjwa majumbani. Waganga wa siku hizi wametambua kwamba uko wasiwasi ulio ugonjwa kamili, kama kichaa au kifafa vilivyo ugonjwa. Mtu huosha mikono hata ngozi ikatoka, au huamka mara kumi usiku kutazama kama mlango umefungwa, naye ajua kwamba umefungwa. Waarabu hata leo huuita ugonjwa huo kwa neno lile lile la kale, wakiongeza kwamba ni waswas unaomshurutisha mtu. Mgonjwa huyo hafai kuchekwa wala kukemewa kwamba imani yake ni haba, na wala hafai kufungwa kamba. Unguja iko hospitali ya wagonjwa wa akili hapo Kidongo Chekundu, na kwingineko ziko nyingine, apelekwe akatazamwe. Na yeye aliyeuawa mwaka 1995 alikuwa amekuja kutafuta msaada wa namna hiyo hiyo.

Wafasiri wa Biblia iliyotolewa mwaka 1952, walipofika mahali ambapo Bwana Yesu awaambia wanafunzi wake habari za chakula na mavazi katika hotuba ya mlimani, walitumia kitenzi kusumbukia. Nadhani walifanya vema. Kusumbukia ni kazi ya mtu mwenyewe; ni mimi ninayejisumbua, nami naweza kuacha. Wasiwasi ni mgeni aliyeingia. Mgeni akiingia bila hodi, hatumpigi, wala hatumpi kitanda chetu. Twamkalisha barazani penye mwanga, twamwuliza jina lake na atokako, na neno alilolileta. Akiwa na neno la kweli, twamshukuru na kufanya inavyopasa. Akiwa hana, twamwonyesha njia.

Basi mwenzenu akija kwenu akisema, "Nina wasiwasi," msimjibu upesi, "Usiwe na wasiwasi," kisha mkaendelea na mazungumzo yenu. Jibu hilo ni jepesi kwa msemaji, lakini kwa msikiaji ni mlango uliofungwa. Mwulizeni wasiwasi wake umetoka wapi, mkae mmsikilize hata amalize.